Wahuni wa Pikipiki: Kitabu Gani Kisomwe Madogo?

Anayevuka daraja la Mto Tana akitoka Garissa hukutana na pikipiki kabla hajakutana na mji. Zimepangwa kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, Boxer kwa TVS, na wenyewe wamekaa juu ya siti wakimngoja abiria anayeshuka basini, mama mwenye magunia, au mchuuzi anayetaka maembe yake yafike sokoni Garissa kabla jua halijapanda. Hapo ndipo Madogo, mji wa Kaunti ya Tana River uliotenganishwa na Garissa kwa mto na daraja tu.

Kundi la kusoma katika mji kama huu likitaka kitabu kuhusu magenge ya pikipiki ya Marekani, wale wanaojivunia kuitwa waasi wa sheria na kujishonea nembo mgongoni, hakuna sababu ya kulishangaa. Wasomaji wake wanaijua pikipiki kwa namna ambayo profesa wa fasihi hawezi kuijua. Wanautambua mlio wa injini inayokaribia kufa. Wanajua kwamba steji ina mwenyekiti na kanuni zake, na kwamba mwenzao akigongwa na lori usiku, mchango wa matanga huanza kabla hakujapambazuka. Kazi iliyopo ni kuchagua, na inataka uangalifu, kwa kuwa vitabu vya aina hii ni vingi na vingi kati yavyo viliandikwa na mtu mwenye jambo la kujitetea: mwanagenge anayetaka aonekane shujaa, au askari kanzu anayetaka asifiwe kwa kumnasa.

Karibu simulizi zote za magenge haya huanzia Hollister, mji mdogo wa California, mwishoni mwa juma la Julai 4, 1947. Maelfu ya waendesha pikipiki walikusanyika kwa mashindano, baadhi wakalewa, wakapigana na kukimbizana mitaani, na polisi wachache wa mji wakalemewa. Jarida la Life likachapisha picha ya mtu aliyekaa juu ya pikipiki huku chupa za bia zimetapakaa chini ya magurudumu. Hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba chupa zile zilipangwa makusudi ili picha ipendeze. Mwaka uliofuata, 1948, Hells Angels wakaanzishwa katika jimbo hilohilo. Mwaka 1953 Marlon Brando akaigiza kiongozi wa genge katika filamu The Wild One, na vijana ambao hawakuwahi kuona genge wakajifunza sinemani jinsi genge linavyovaa na linavyotembea. Nembo ya asilimia moja nayo ina kisa chake. Inasemekana chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilitangaza kwamba asilimia 99 ya waendeshaji ni raia wema, ndipo wahuni wakajishonea ile moja iliyobaki. Chama chenyewe kimesema hakina kumbukumbu ya tamko kama hilo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa ya magenge haya ilitengenezwa na magazeti na sinema, kisha wenyewe wakaivaa. Kitabu kinachofaa ni kile kinacholiona jambo hilo na kuuliza nani alisema nini, na kwa ushahidi gani.

Aliyeuliza vizuri kuliko wengine ni Hunter S. Thompson. Mwaka 1965 alikuwa mwandishi wa kujitegemea mjini San Francisco, mwenye shida ya kodi ya nyumba, pale Carey McWilliams, mhariri wa jarida la The Nation, alipomwomba aandike kuhusu magenge ya pikipiki. Makala ilitoka Mei mwaka huo. Kitabu chake, Hell's Angels, kikafuata mwaka 1967. Kati ya makala na kitabu, Thompson alikaa na watu hao karibu mwaka mzima, akinywa nao, akisafiri nao, yeye juu ya BSA ya 650 na wao juu ya Harley-Davidson zao nzito.

Sehemu yenye nguvu zaidi ya kitabu hicho haina mapigano hata kidogo. Ni pale Thompson anapoichukua ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa California, Thomas Lynch, iliyotolewa Machi 1965, na kuipitia madai kwa madai. Ripoti ile iliwachora Angels kama tishio kwa jimbo zima, na magazeti makubwa yakaibeba jinsi ilivyo. Thompson anarudi kwenye tukio la Monterey la Septemba 1964, ambapo wanachama wanne walikamatwa kwa madai ya kuwabaka wasichana wawili. Habari za kukamatwa zilivuma nchi nzima. Habari kwamba mashtaka yalifutwa hazikuvuma. Haishii hapo akawafanya malaika. Anaonyesha waziwazi kwamba ni watu wakatili, wabaguzi wa rangi, wepesi wa kumvamia mmoja wakiwa kumi. Lakini anaonyesha pia walikotoka: watoto wa familia maskini za Wazungu, wenye elimu ndogo, katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umeanza kuwapita. Wamekasirika kwa kuwa wanajua kwamba hakuna anayewangoja popote. Msomaji wa Madogo aliyemaliza kidato cha nne na kuishia kushika usukani wa pikipiki ya mtu atazielewa kurasa hizo bila mwalimu.

Mwisho wake unajulikana. Septemba 1966 Angels kadhaa walimgeukia Thompson wakampiga vibaya. Kama kisa kinavyosimuliwa, alimkemea mmoja wao aliyekuwa akimpiga mkewe. Mwaka mzima wa kula na kunywa pamoja haukumkinga.

Kitabu hicho kina kasoro, na kundi halifai kuiruka. Thompson anaposimulia ubakaji anaandika kwa wepesi unaoumiza, kana kwamba mwanamke aliyefanyiwa unyama ni sehemu ya mandhari. Atakayeongoza kikao awaonye wasomaji mapema, hasa ikiwa wamo vijana wa shule, na kurasa hizo zijadiliwe kama zilivyo: mwandishi hodari aliyeona mengi na akashindwa kumwona mtu aliyekuwa mbele yake.

Sonny Barger ni chaguo jingine ambalo wengi watalitaja. Alikuwa kinara wa Angels wa Oakland tangu 1957, na alifariki Juni 2022 akiwa na miaka 83. Wasifu wake, uliotoka mwaka 2000, unasomeka haraka na una maelezo mazuri ya pikipiki zenyewe. Tatizo ni kwamba Barger ni shahidi wa kesi yake mwenyewe. Tamasha la Altamont, Desemba 6, 1969, ni mfano wa kutosha. Angels walikuwa wakilinda jukwaa la Rolling Stones pale kijana Mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alipochomwa kisu akafa. Hunter alikuwa ametoa bastola, na mwanagenge aliyemchoma, Alan Passaro, aliachiliwa na mahakama mwaka 1971 kwa kuwa alijitetea. Hayo yote ni kweli. Lakini msomaji anayempata Hunter kupitia Barger pekee atamjua kama bastola tu, na kijana yule alikuwa na mama na dada.

Vitabu vya askari kanzu navyo vina utamu wake. William Queen, afisa wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia pombe, tumbaku na silaha, alijipenyeza katika genge la Mongols kwa zaidi ya miaka miwili, akaandika Under and Alone mwaka 2005. Jay Dobyns wa idara hiyohiyo alifanya kazi kama hiyo miongoni mwa Hells Angels wa Arizona, na kitabu chake, No Angel, kikatoka 2009. Ukurasa wa Queen unaobaki moyoni ni ule wa kufiwa na mama yake: Mongols walimkumbatia na kumpa pole, huku wakubwa wake kazini wakipita kimya. Baadaye akawapeleka mahakamani. Kundi la kusoma linaweza kukesha na swali hilo moja, mtu ana deni gani kwa waliomfariji, hata wakiwa wahalifu. Ila vitabu hivi vimejengwa kwa mwendo wa filamu, na msimulizi ndiye shujaa kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Daniel R. Wolf wa Kanada alifuata njia nyingine. Alikuwa mwanaanthropolojia, akaendesha Harley pamoja na klabu ya Rebels ya Edmonton, na kitabu chake The Rebels kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1991. Anaeleza hatua kwa hatua jinsi mtu anavyotoka kuwa rafiki wa klabu, akawa mwanafunzi wa kutumwa huku na huku, hadi apigiwe kura na kuvishwa nembo. Kwa anayejua jinsi mgeni anavyokubaliwa au kukataliwa katika steji ya bodaboda, sura hizo zina ladha ya pekee. Danny Lyon naye aliwapiga picha Outlaws wa Chicago, akatoa The Bikeriders mwaka 1968, kitabu ambacho hata asiyemudu Kiingereza anaweza kukifungua na kuwa na la kusema. Na Michel Auger, mwandishi wa habari za uhalifu wa Montréal, alipigwa risasi kadhaa katika maegesho ya gazeti lake Septemba 2000, akapona, akaandika kisa chake. Jimbo la Quebec lilikuwa katikati ya vita vya magenge vilivyoanza 1994 na kuua watu zaidi ya 150. Mmoja wao alikuwa Daniel Desrochers, mtoto wa miaka 11, aliyeuawa na vipande vya bomu lililotegwa garini Agosti 1995. Anayevutiwa na nembo na minyororo amsome Auger kabla hajaendelea kuvutiwa.

Sasa turudi nyumbani, maana kitabu kitakachochaguliwa kitasomwa hapa na kitapimwa kwa mambo ya hapa.

Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda, na ikabadilika kabisa pale pikipiki za bei nafuu za India na China zilipoingia, hasa baada ya serikali ya Kenya kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Boxer ina injini ya sentimita za ujazo 100 au 150. Harley za Angels zilikuwa na 1,200. Mwamerika alinunua ile kubwa ili atoroke kazi. Kijana wa Madogo anapanda ile ndogo kwa kuwa ndiyo kazi, na jioni kuna pesa ya mwenye pikipiki, kuna petroli, kuna unga. Hata hivyo yapo yanayofanana, na si yote ya kujivunia. Machi 2022, katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai jijini Nairobi, waendesha bodaboda walimzingira mwanamke mwanadiplomasia aliyekuwa akiendesha gari, wakamvamia na kumdhalilisha mchana kweupe. Video ikaenea. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa nchi nzima, pikipiki zikazuiliwa kwa wingi, vijana wasiowahi kufika barabara hiyo wakalala bila kipato, na baada ya siku chache msako ukasitishwa.

Mkasa huo una pande mbili, na kitabu cha Thompson kinazo zote mbili. Kuna kundi la wanaume wanaojipa ujasiri kwa wingi wao na kumgeukia mwanamke aliye peke yake. Kuna pia taifa linalowaona watu wote wa kazi moja kuwa wahalifu kwa kosa la wachache. Kikao kinachozungumza upande mmoja tu kitakuwa kimesoma nusu ya kitabu.

Uganda imeenda mbali zaidi. Jijini Kampala, chama kilichoitwa Boda Boda 2010, kikiwa chini ya Abdallah Kitatta, mwanasiasa wa chama tawala, kiligeuka kuwa jeshi la mitaani lililotisha waendeshaji wenzao na wapinzani wa serikali. Kitatta alikamatwa Januari 2018, na mwaka 2019 mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipokaribia kabisa magenge ya kina Barger, na tofauti yake inafaa kuangaliwa: la Marekani lilijitenga na serikali, la Kampala lililelewa chini ya kivuli chake.

Madogo yenyewe ina kumbukumbu ndefu ya kuhesabiwa miongoni mwa wanaoshukiwa. Wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, Tana River iliwekwa pamoja na Isiolo, Marsabit, Lamu na Mkoa wa Kaskazini Mashariki chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Aprili 2015, baada ya magaidi kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza kafyu ya usiku katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mwendesha bodaboda ambaye abiria wake wengi hushuka mabasi ya usiku anajua kafyu humaanisha nini mfukoni. Wazee wa Madogo wakiisikia ripoti ya Lynch ikisomwa, wataitambua sauti yake mara moja.

Tana River ina pia mwasi wake wa kale, na itakuwa hasara kubwa kundi likafika California bila kupita kwake. Fumo Liyongo anakumbukwa Ozi na Kipini, kwenye delta ya mto huuhuu unaopita Madogo. Utenzi wake uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unamwonyesha akikimbilia msituni kwa Wasanye na Wadahalo, huku sultani wa Pate akiahidi fedha kwa atakayeleta kichwa chake. Wenyeji wake wanapanga kikoa cha makoma, kila mmoja apande mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye anayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Anafungwa, mama yake anamtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye anakata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikifunika mlio. Kinachomuua hatimaye ni mwanawe, aliyehongwa kwa ahadi za sultani. Weka kisa hicho kando ya Queen na Mongols, na ya Thompson na Angels, uone jinsi swali la usaliti linavyobadilika kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Kenya ya karibuni nayo imemtoa John Kiriamiti, aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu mwaka 1971, akaandika My Life in Crime, iliyotoka 1984. Kitabu hicho kimesomwa na vijana wa Kenya kuliko vingi vilivyotahiniwa darasani. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1989 alikifuatisha na kingine, kinachosimuliwa kwa sauti ya Milly, mwanamke aliyempenda jambazi bila kujua anamlisha kwa pesa gani. Pengo aliloliacha Thompson, la mwanamke asiyesikika, Milly analiziba kwa kiasi kikubwa, ingawa kalamu bado ni ya mwanamume.

Kuhusu kuvipata vitabu hivi, Madogo haina sababu ya kukata tamaa. Ng'ambo ya daraja ipo maktaba ya Garissa, ileile iliyoanzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996 kwa ngamia watatu waliobeba vitabu hadi kwa jamii za wafugaji. Kiriamiti huuzwa katika maduka ya vitabu kwa bei isiyotisha. Thompson huenda akalazimika kuagizwa Nairobi, nakala mbili au tatu za kuzungushana, na hilo lina faida yake: anayesubiri nakala humsikiliza kwa makini anayeisimulia. Kiingereza chake si chepesi, kwa hiyo msomaji mmoja achukue sura moja, aisome nyumbani, aje aieleze kwa Kiswahili, na atakayetaka kuongeza kwa Kiorma, Kimunyoyaya au Kisomali asizuiwe.

Nafasi ikiwa ya kitabu kimoja tu, basi kiwe Hell's Angels cha Thompson. Ikipatikana nafasi zaidi, kikao cha kwanza kiwe cha Liyongo, vitakavyofuata viwe vya Thompson, na cha kufungia kiwe cha Milly. Barger, Queen na Dobyns waachiwe mwenye hamu ya kuendelea. Wanawake wasialikwe kama wasikilizaji tu. Mmoja wao apewe zile kurasa ngumu za Thompson aziongoze. Na vijana wa steji waalikwe kwa majina, kikao kiwekwe alasiri mapema, saa ambayo joto limepunguza abiria, ili waje bila kupoteza pesa ya siku.